TAARIFA YA AFYA: KUUFAHAMU UTOKO WA KAWAIDA NA USIO WA KAWAIDA

Wananchi, hususan akina mama na wasichana waliokwisha kuvunja ungo, wanafahamishwa kwamba majimaji yatokayo ukeni, yaani utoko, si ugonjwa kwa asili yake. Ni maumbile ambayo kwayo njia ya uzazi hujisafisha na kujikinga. Ndani ya uke wamo bakteria wenye manufaa ambao hutengeneza asidi, na asidi hiyo huzuia vijidudu vyenye madhara visistawi.

Utoko wa kawaida hauna rangi au ni mweupe, hauna harufu mbaya wala hauwashi. Takriban siku 14 kabla ya hedhi ifuatayo, yai linapopevuka, huwa mwingi, huteleza na kuvutika mithili ya ute wa yai bichi. Huongezeka pia wakati wa ujauzito. Mabadiliko hayo hayahitaji dawa.

Utoko usio wa kawaida hutambulikana hivi:

(a) Mweupe, mzito kama mtindi, wenye mwasho: aghalabu ni fangasi, ambao huwapata zaidi wajawazito, wenye kisukari na waliotumia dawa za antibiotiki.

(b) Mwepesi, wa kijivu, wenye shombo la samaki: bakteria wenye manufaa wamepungua na wengine wamezidi.

(c) Wa manjano au kijani, wenye povu na harufu: huenda ni trikomona, maradhi ya zinaa.

(d) Kama usaha, pamoja na maumivu chini ya kitovu au wakati wa kukojoa: huenda ni kisonono au klamidia.

(e) Wenye damu nje ya siku za hedhi, baada ya kujamiiana, au kwa aliyekoma hedhi: apimwe haraka, kwani yaweza kuwa ishara ya saratani ya shingo ya kizazi.

Ieleweke kwamba fangasi hawahesabiwi miongoni mwa maradhi ya zinaa. Mume kumtuhumu mkewe kwa sababu hiyo ni kumdhulumu. Lakini yakithibitika maradhi ya zinaa, yapasa wote wawili watibiwe kwa pamoja, la sivyo wataambukizana upya.

Wapo wanaoficha hali hii kwa haya, wakanunua vidonge dukani kwa kubahatisha. Dawa ya fangasi haiponyeshi kisonono, na antibiotiki zaweza kuwazidisha fangasi. Kisonono na klamidia, ambazo mara nyingi hazioneshi dalili kwa mwanamke, zisipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi, kuleta ugumba au mimba nje ya kizazi, na kumdhuru macho mtoto anayezaliwa.

Aidha, akina mama wanashauriwa waache kutia ukeni sabuni, marashi, ndimu au shabu. Vitu hivyo huharibu kinga ya asili. Twahara haimlazimishi mwanamke kujiosha ndani kabisa. Kuosha nje kwa maji safi kunatosha.

Mwenye dalili zilizotajwa afike kituo cha afya kilicho karibu naye. Wakuu wa idara wanaombwa wawape ruhusa watumishi wao bila ya kuwadadisi, na masheha waifikishe taarifa hii kwa wakaazi. Haya ni pambo la mja, bali haifai kumzuia mtu na tiba.