Filamu za Kuba la Nyota na Kazi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Elimu ya jua, mwezi, nyota na sayari, iitwayo falaki, ni miongoni mwa mada ambazo mwalimu wa shule ya msingi hulazimika kuzifundisha pasipo kitu cha kuwashikisha watoto mikononi. Mbegu huoteshwa katika kopo, sumaku hujaribiwa kwa misumari, lakini sayari ya Zohali haiwezi kuletwa darasani. Ndiyo maana filamu zinazoonyeshwa katika makuba ya nyota zimepokewa kwa furaha na walimu wa nchi nyingi.

Makala haya yanakusudia kueleza chombo hiki ni kitu gani, kinafundishaje, na ni wapi kinapoweza kumpotosha mwanafunzi. Hoja yetu kubwa ni hii: filamu ya kuba humwonyesha mtoto anga, lakini haimfundishi kulitazama. Kazi hiyo ya pili ni ya mwalimu, naye aweza kuitimiza hata kama hajapata kuingia katika kuba.

Asili ya chombo

Jumba la nyota, ambalo wataalamu huliita planetariamu, ni chumba cha duara ambacho dari yake ni mfano wa bakuli lililofunikwa. Chombo hiki kwa namna tuijuayo kilianzia Ujerumani. Oskar von Miller, mwanzilishi wa makumbusho ya Deutsches Museum mjini Munich, alitaka wananchi wa kawaida wauone mwendo wa nyota na sayari kwa macho yao. Walther Bauersfeld, mhandisi wa kampuni ya Zeiss mjini Jena, alipata ufumbuzi: badala ya kujenga kuba kubwa linalozunguka, kuba litulie tuli, na mashine iliyo katikati yake itupe nuru za nyota darini na kuzizungusha. Mashine hiyo ilionyeshwa Munich mwezi wa Oktoba 1923, nayo ilitoa nyota zipatazo 4,500.

Yafaa ikumbukwe kwamba mashine hiyo ya kwanza iliweza kuonyesha anga la latitudo ya Munich tu. Mashine zilizofuata ndizo zilizoweza kuonyesha anga la mahali popote duniani. Tutaona hapa chini kwa nini jambo hili lina maana kwa mwalimu wa Afrika Mashariki.

Makuba mengine yalifuata, likiwamo Adler Planetarium la Chicago mwaka 1930 na Hayden Planetarium la New York mwaka 1935. Katika makuba ya kale mhadhiri alisimama gizani, akaonyesha nyota kwa kijiti cha nuru, akaeleza kwa kinywa chake na kujibu maswali.

Kutoka mhadhara hadi filamu

Mwaka 1983 kampuni ya Evans & Sutherland ya Marekani ilitoa Digistar, projekta ya kuba iliyoendeshwa kwa kompyuta. Kuanzia hapo haikuwa lazima tena mtazamaji abaki duniani. Picha iliweza kumwondoa ardhini na kumpitisha kati ya nyota. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuja filamu ya kuba zima, yaani picha inayotembea na kufunika dari yote.

Picha ya filamu hiyo si ya mstatili kama ya sinema. Kila picha hutengenezwa katika umbo la duara: katikati ya duara ni utosi wa anga, na ukingo wake ni upeo wa macho. Katika makuba makubwa projekta kadhaa hugawana dari, na kompyuta huziunganisha kingo za picha zao ili mshono usionekane. Mtazamaji hukaa amelalia kiti, na kwa kuwa haoni ukingo wa picha, hudhani kwamba yeye mwenyewe ndiye anayekwenda.

Zipo filamu zinazotolewa bure kwa ajili ya elimu. Mfano mmoja ni ‘From Earth to the Universe’ ya mwaka 2015, inayotolewa na shirika la Ulaya la darubini liitwalo ESO. Filamu hiyo huanzia kwenye anga walilolitazama watu wa kale, ikapita kwenye darubini na sayari, ikaishia kwenye galaksi za mbali. Wala makuba hayako Ulaya na Marekani tu. Nchini Kenya, kundi la Travelling Telescope, ambalo Susan Murabana ni mmoja wa waanzilishi wake, limewafikia wanafunzi kwa darubini na kuba la kupulizwa hewa linaloweza kuhamishwa.

Nguvu ya filamu ya kuba

Ugumu mkubwa wa falaki kwa mtoto ni kuunganisha mitazamo miwili. Mtazamo wa kwanza ni wa mtu aliyesimama uwanjani: jua huchomoza, hupanda, hutua. Mtazamo wa pili ni wa mtu aliye nje ya dunia: jua limetulia, na dunia inazunguka katika mhimili wake. Picha ya kitabuni huonyesha mtazamo wa pili peke yake, na mtoto hukariri maneno bila ya kuona uhusiano wake na jua analolijua. Filamu ya kuba yaweza kuanza na machweo, ikampandisha mtazamaji taratibu, mpaka aione dunia ikigeuza upande mmoja gizani. Safari hiyo kati ya mitazamo miwili ndiyo hasa faida ya chombo hiki.

Mambo matatu ya kuangaliwa

(a) Anga la nani? Filamu nyingi zimetengenezwa katika nchi za kaskazini, nazo huonyesha anga la huko. Nyota ya Kaskazini huonyeshwa ikiwa juu, na nyota nyingine zikiizunguka. Mtoto wa Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hawezi kamwe kuiona nyota hiyo, kwani iko chini ya upeo wake. Kwake yeye nyota za mashariki huchomoza karibu wima na kutua karibu wima. Mwezi mwandamo, ambao Ulaya husimama kama upinde, kwetu aghalabu hulala kama dau. Mtoto asipoelezwa hivyo atahitimisha ama kwamba macho yake yanamdanganya, ama kwamba sayansi inahusu anga la watu wengine. Hitimisho hilo la pili ni hasara kubwa kuliko kukosa jibu moja la mtihani.

(b) Ukubwa na masafa. Filamu ina dakika chache, hivyo huzisogeza sayari karibu karibu. Ukweli ni tofauti sana. Jua likiwa balungi lenye upana wa sentimita 11, dunia itakuwa punje ya ulezi ya milimita moja, iliyo umbali wa mita 12 hivi. Mshtarii itakuwa kama punje ya mahindi katika mita 60 hivi, na Neptuni itakuwa mbali zaidi ya mita 350. Nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya jua itakuwa mbali zaidi ya kilomita 3,000; huo ni mwendo unaopita ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Khartoum.

(c) Njia ya dunia. Ili ionekane vizuri, njia ya dunia kulizunguka jua huonyeshwa kwa ubavu, nayo huonekana kama yai refu. Watoto hudhani basi kwamba joto huja dunia inapokaribia jua. Kwetu kosa hili lina hatari ya pekee, kwa sababu laonekana kuthibitishwa: dunia huwa karibu zaidi na jua mwezi wa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwezi wa Julai, kilomita milioni 152 hivi; na Julai kwetu ni wakati wa baridi. Mwalimu aulize swali moja tu: Januari hiyo hiyo hali ya hewa ya Ulaya ikoje? Huko ni theluji. Sababu ya majira basi ni kuinama kwa mhimili wa dunia, wala si umbali.

Hatua za somo

Kabla ya filamu. Watoto watazame anga halisi kwa muda usiopungua wiki mbili. Wachore mwezi kila jioni wanapouona, umbo lake na mahali ulipo. Mwezi wa Januari watafute kundinyota la Jabari, ambalo saa tatu usiku huwa karibu na utosi. Wawaulize wazee habari za Kilimia. Methali yasema: “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Kilimia hupotea katika mwanga wa machweo mwezi wa Mei, na huonekana tena alfajiri mwezi wa Juni, wahenga walikuwa wamekwisha kuandika kalenda angani.

Wakati wa filamu. Kila kikundi kipewe swali moja la kutafutia jibu, kwa mfano: “Tupo duniani au nje yake?” Filamu isimame pale mtazamo unapobadilika, kama mwendesha mashine anaweza.

Baada ya filamu. Watoto wapime kwa hatua mfano wa balungi na ulezi uwanjani. Kisha walinganishe michoro yao ya mwezi na ule waliouona kubani.

Mahali pasipo na kuba, mwavuli mweusi watosha kwa sehemu ya kwanza ya somo. Nyota zibandikwe kwa ndani kwa karatasi nyeupe, na Salibu ya Kusini iwekwe si mbali na ncha. Mwanafunzi aelekee kusini, aelekeze ncha ya mwavuli huko huko na kuiinua kidogo tu juu ya upeo wa macho, kisha auzungushe kama mishale ya saa. Nyota zitapanda upande wa mashariki, zitapita juu, zitatua magharibi, kama zifanyavyo katika anga la Tanzania. Kwa kuona jinsi anga la Munich linavyozunguka, aelekee kaskazini, ainue ncha hadi karibu nusu ya pembe mraba, na auzungushe kinyume cha saa. Hivyo mwavuli mmoja utaonyesha mwendo wa anga la nchi mbili, jambo ambalo mashine ya mwaka 1923 haikuliweza.

Hitimisho

Filamu ya kuba ni zana ya kufundishia kama zana nyingine: thamani yake hupimwa kwa kile mwanafunzi anachoweza kufanya baadaye. Mwalimu asiridhike kwa kuwa watoto wameshangaa na kupiga makofi. Awaulize usiku unaofuata, au asubuhi yake, walichokiona wenyewe juu ya nyumba zao. Mtoto atakayeweza kusema ni nyota gani ilichomoza mashariki baada ya magharibi kuingia, na kwa nini mwezi wake haufanani na ule wa filamu, huyo ameanza kujifunza falaki.