Mshale wa ngazi: Mchoro wa kompyuta unavyoweza kumpoteza fundi

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Newala au Masasi anayejenga nyumba ya ghorofa siku hizi anaweza kuletewa ramani iliyochorwa kwa kompyuta na msanifu majengo aliyeko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenye kiwanja chake.

Kuta, milango na madirisha ya ramani hiyo humpa fundi taabu kidogo. Panapoleta ubishi ni kwenye ngazi, na chanzo chake mara nyingi ni alama moja ndogo: mshale.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kwanza msomaji afahamu ramani ya sakafu ni kitu gani. Ni picha ya nyumba iliyokatwa kwa mlalo, takriban mita 1.2 juu ya sakafu, kisha ikatazamwa kutoka juu. Kilicho chini ya mkato huonekana na kilicho juu yake huondolewa.

Ukuta hauathiriki sana kwa kukatwa hivyo, kwa kuwa chini na juu ni uleule. Ngazi sivyo, maana kila kipandio chake kina kimo chake.

Tuchukue nyumba ambayo kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3. Ngazi yake ikiwa na vipandio 18, kila kimoja kitapanda milimita 167 hivi. Kwa upana wa kukanyaga wa milimita 280, hiyo ni ngazi ya starehe kwa kipimo cha zamani kinachohusishwa na msanifu wa Ufaransa wa karne ya 17, François Blondel: vimo viwili vya kipandio ukijumlisha na upana mmoja wa kukanyaga, upate karibu milimita 600 hadi 640. Hapa jumla ni milimita 614.

Sasa kata ngazi hiyo kwenye mita 1.2. Kipandio cha saba kinafika mita 1.17, cha nane kinapita mkato. Kwa hiyo katika ramani ya sakafu ya chini vitaonekana vipandio saba tu, kisha mstari wa mshazari unaomaanisha kuwa ngazi inaendelea. Katika ramani ya sakafu ya juu, ngazi hiyohiyo huonekana yote, kwa sababu mtazamaji anaiangalia kutoka juu.

Hizo ni picha mbili zisizofanana za ngazi moja, na kinachoziunganisha ni mshale.

Hapo ndipo desturi za dunia zinapotofautiana. Kwa desturi ya Uingereza, mshale wa ngazi huelekea juu daima, katika kila ramani. Kwa desturi ya Marekani, mshale huanzia kwenye sakafu inayochorwa: ramani ya chini huandikwa UP, yaani panda, na ramani ya juu mshale hugeuka na kuandikwa DN, yaani shuka.

Programu ya Revit, iliyotolewa mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 2002, inazo njia zote mbili. Mchoraji anaweza kuchagua mshale unaoelekea juu siku zote, au ule unaogeuka kulingana na sakafu. Asipochagua, programu humchagulia.

Matokeo yake ni kwamba fundi aliyezoea mshale wa kupanda, akipewa ukurasa wa sakafu ya juu wenye mshale wa kushuka na herufi mbili za Kiingereza zisizosomeka vizuri, anaweza kuanzisha ngazi upande usio wake. Katika ngazi inayopinda katikati, kosa hilo humaanisha kuwa mtu atapanda vizuri hadi mwisho, akute ukuta pale palipotakiwa kuwa na ukumbi.

Newala hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mji upo ukingoni mwa nyanda za juu za Makonde, na aliyewahi kusimama Shimo la Mungu anajua ardhi inavyokatika ghafla. Katika kiwanja cha mteremko, nyumba inaweza kuingiwa kutoka barabarani kwa sakafu ya juu, kisha ngazi ikashuka kwenda vyumbani. Hapo mazoea ya kwamba "mlangoni ndiyo chini" hayasaidii. Masasi, mji uliotandazwa chini kati ya vilima vya mawe, sehemu nyingi ni tambarare na jambo hili hujitokeza kwa nadra.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mshale uelekee juu katika kurasa zote, na pembeni yake yaandikwe maneno ya Kiswahili, PANDA. Ni suala la kubadili mpangilio mmoja, halichukui dakika tano.

Mchoro wa pili unaohitaji uangalifu ni wa mkato wa wima, ule unaoonyesha nyumba kama mkate uliokatwa. Mstari wa mkato juu ya ramani una vichwa vya mishale vinavyoonyesha mtazamaji anaangalia upande gani. Mkato ukipita kwenye mkondo wa kwanza wa ngazi na kutazama mkondo wa pili, fundi ataona yote mawili: zege lililokatwa mbele na vipandio vingine nyuma yake.

Mtazamo ukigeuzwa, mkondo wa pili hutoweka na badala yake huonekana ukuta mtupu. Aidha, kompyuta huweka kikomo cha umbali wa kutazama. Kikiwa kifupi mno, mkondo wa nyuma hautachorwa hata kama mwelekeo ni sahihi. Fundi hawezi kujua kuwa kuna kitu kilichofichwa.

Lipo pia suala la kaskazini. Programu hizi zina kaskazini mbili: ya karatasi, ambayo huwekwa juu ya ukurasa ili kuta zikae wima, na ya kweli. Kuzungusha ramani kutoka moja kwenda nyingine hakuharibu ngazi. Kinachoharibu ni kuigeuza kama kwenye kioo, maana ngazi inayopinda kulia itapinda kushoto. Anayetumia tena ramani ya nyumba nyingine kwa njia hiyo aikague ngazi kwanza.

Kaskazini ya kweli ina faida yake. Newala ipo karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hukaa kaskazini, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari huhamia kusini. Dirisha la ngazi linaloangalia magharibi litapokea jua kali la jioni mwaka mzima.

Kosa la ngazi likigunduliwa baada ya zege kukauka, dawa ni nyundo. Nondo hukatwa, saruji hupotea na maji hutafutwa upya, juu ya nyanda ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni.

Njia rahisi ya kujikinga ni kutaka kila kipandio kiandikwe namba, 1 hadi 18, katika ramani zote na katika mkato. Revit hufanya hivyo yenyewe ikiamriwa. Fundi akiona namba 1 ipo upande uleule katika kurasa zote, anaweza kufunga mbao.

Namba zina faida nyingine. Ramani iliyopangwa kwa karatasi ya A1 mara nyingi huchapwa madukani kwa A3, na hapo kipimo cha 1:50 huwa 1:100 bila maandishi ya pembeni kubadilika. Rula itamdanganya fundi. Namba 18 itabaki 18.