Sumukuvu katika Mahindi: Elimu Inayoanza kwa Kumsikiliza Mkulima

Mwaka 2016, katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walipatwa na ugonjwa ambao chanzo chake hakikujulikana mara moja. Wagonjwa walitapika, matumbo yao yakavimba na macho yakageuka kuwa ya manjano. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Uchunguzi ulibaini kwamba chanzo kilikuwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi waliyokula. Kwa wakazi wa Kata ya Mutuka, ambao ugali ni chakula cha kila siku, tukio hilo la mkoani kwao ni fundisho lisilopaswa kusahaulika.

Sumukuvu ni nini?

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine. Kuvu hao hushambulia zao likiwa shambani, hasa wakati wa ukame na joto kali, na huendelea kustawi ghalani iwapo punje zimehifadhiwa kabla ya kukauka au zimetobolewa na dumuzi. Ukungu unaweza kuonekana, lakini sumu yenyewe haionekani, haina harufu wala ladha. Moto wa jikoni hauiondoi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 tu katika kilo moja ya mahindi.

Kwa nini wengi huwa na shaka?

Mkulima anayeambiwa kwamba mahindi yake yana sumu ana haki ya kuuliza: mbona familia imeyala miaka yote bila madhara? Swali hilo halipaswi kupuuzwa, na jibu lake lipo. Sumu ikiwa nyingi huua katika muda mfupi, kama ilivyotokea mwaka 2016, au nchini Kenya mwaka 2004 ambako watu 125 walipoteza maisha. Ikiwa kidogo, huliathiri ini polepole na kuongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Madhara ya namna hiyo huchukua miaka mingi, na ndiyo maana ni vigumu kuyahusisha na chakula cha jana.

Vivyo hivyo, agizo la kukausha mahindi halitoshi lisipoeleza mkulima afanye nini mvua inaponyesha wakati wa mavuno, asipokuwa na turubai, au anapohofia wizi na mifugo shambani. Mtaalamu anayesikiliza vikwazo hivyo hutoa ushauri unaotekelezeka. Utafiti uliofanyika nchini katika vijiji 20 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba katika vijiji 10 vilivyopewa elimu ya kuchambua, kukausha, kuhifadhi na kukoboa mahindi, sumukuvu ilikuwa chini kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na vijiji vingine.

Hatua za kuchukua nyumbani

Mahindi yaanikwe juu ya turubai, mkeka au kichanja, kamwe si juu ya udongo. Ili kupima ukavu, punje kiasi hutiwa pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu, kisha chupa hutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka vya kutosha.

Punje zilizooza, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kutobolewa zitengwe kwa mkono. Kazi hii ina faida kubwa, kwa kuwa mara nyingi sehemu kubwa ya sumu hukaa katika punje chache. Kukoboa kabla ya kusaga nako hupunguza sumu. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, au mahindi makavu yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa.

Punje zilizotengwa zisipikiwe pombe wala kulishwa mifugo. Sumu huendelea kuwamo katika pombe, na ng'ombe aliyeila huitoa katika maziwa yanayonywewa na watoto. Ni vyema zifukiwe.

Wajibu wa pande zote

Wananchi wanahimizwa kuwasilisha maswali yao kwa afisa ugani na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kuomba suala hili lijadiliwe katika mikutano ya hadhara. Wataalamu nao wanawajibika kujibu kwa lugha inayoeleweka, pasipo kumkejeli muulizaji.

Endapo watu kadhaa wa kaya moja au majirani wataugua kwa wakati mmoja wakiwa na macho ya manjano, kutapika au tumbo kuvimba, wafikishwe mara moja katika kituo cha tiba kilicho karibu, na taarifa itolewe kwa uongozi wa eneo. Mahindi waliyokuwa wakiyala yasitupwe, bali yahifadhiwe kando yasiliwe na mtu mwingine, kwa kuwa huenda jibu likapatikana humo kabla kaya nyingine haijaugua.