Mchezo wa Vibao na Afya ya Moyo

Wengi wetu tukisikia neno mazoezi tunafikiria wale wanaokimbia asubuhi kule Lavington na viatu vya bei. Mtu wa Kawangware anasema, "Mimi natembea hadi tauni, mazoezi ya nini tena?" Ana haki. Anayechapa miguu kutoka Kangemi kwa Waiyaki Way hadi katikati ya jiji, au anayelima na kuteka maji huko mashambani, moyo wake unafanya kazi ya kutosha. Shida iko kwa yule aliyeacha kutembea pole pole bila kujua: mama mboga anayekaa kibandani tangu asubuhi hadi saa mbili usiku, fundi wa cherehani, mlinzi wa geti, na yule wa kijijini ambaye siku hizi hata kusaga mahindi anaenda na bodaboda. Hao ni wengi katika vikundi vyetu.

Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mtu anaamka mzima, jioni amepooza upande mmoja, na kikundi kinaanza kuchanga pesa za hospitali, zile zilizokuwa za kununua mbuzi.

Moyo ni msuli kama ule wa mkono. Ukiufanyisha kazi mara kwa mara unapata nguvu, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, na ukipumzika haupigi kwa haraka. Mishipa nayo inalegea, damu inapita bila kusukumwa sana. Kwa mwenye presha ya juu, mazoezi ya kila wiki yanaweza kushusha ile namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Shirika la Afya Duniani linasema tufanye angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kipimo ni rahisi: uwe unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Sasa kuna mchezo uitwao pikoboli, ulioanzishwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, Marekani, na miaka hii ya karibuni umefika Nairobi. Mnapiga mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu kwa kibao, juu ya wavu unaofika kiunoni. Uwanja ni mdogo, futi 20 kwa 44, sawa na wa badmintoni. Wakicheza wawili wawili, hata nyanya wa miaka 60 anaweza, maana hakimbii mbali. Anasonga hatua chache, anasimama, anasonga tena, na pumzi zinaongezeka akiwa anacheka.

Hapo kwa kucheka ndipo naona faida kubwa. Uchunguzi mmoja wa Copenhagen, Denmark, uliotolewa 2018, ulifuata watu zaidi ya 8,500 kwa miaka kama 25. Waliocheza tenisi waliishi kwa wastani miaka 9.7 zaidi ya waliokaa bure, wa badmintoni 6.2, na waliokimbia 3.2. Pikoboli haikuwamo, lakini ni ndugu ya hiyo miwili. Tusimeze hesabu hizo zote, kwa sababu mcheza tenisi mara nyingi pia ana pesa na chakula kizuri. Hata hivyo watafiti wenyewe walidhani kwamba kucheza na wenzako kunachangia. Na sisi tunajua: mtu akiwa peke yake anaacha baada ya wiki mbili, lakini kikundi kikimngoja atakuja.

Vibao vya kwanza vilikatwa kwa plaiwudi, kwa hivyo seremala wenu anaweza. Mpira hautadunda kwenye nyasi, tafuteni sakafu ya simiti, kama ya ukumbi wa kanisa, na mchore mistari kwa chaki. Vaeni raba, si slipasi, na msikimbie kinyumenyume; wengi huumia kwa kuanguka. Msipopata mpira huo, chezeni kati, ule mchezo wa utotoni wa kukwepa mpira wa makaratasi. Moyo hautajua tofauti.

Kabla ya siku ya kwanza, kila mmoja apimwe presha katika zahanati. Aliye na 140 kwa 90 au zaidi aongee na daktari kwanza, na anayemeza dawa asiziache hata akijisikia vizuri. Mtu akibanwa kifua, au maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, au akiona kizunguzungu, mchezo usimame na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, si kesho baada ya soko.