Intaneti Ikikatika, Tafuta Kwanza Palipokatika

Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vina rauta. Vingine vimeiweka katika ofisi ya kikundi pale sokoni, vingine nyumbani kwa katibu kwa sababu ndiko kuliko na stima. Wanachama huitumia kuulizia bei ya mazao, kujaza fomu za serikali na kutuma ripoti, na jioni watoto wa shule huja na vitabu vyao. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina hutoa pesa za kuilipia. Halafu siku moja, tuseme ni tarehe 29 Juni na watu wamepanga foleni kufanya marejesho ya ushuru ya KRA ambayo mwisho wake ni kesho, simu inaonyesha kwamba waifai ipo lakini hakuna kinachofunguka.

Hapo ndipo pesa za kikundi huanza kupotea. Wengine humkimbilia fundi wa hapo karibu, ambaye huja kwa pikipiki, huizima rauta, huiwasha, kisha hudai nauli na malipo ya kazi. Wengine huchukua sindano wakafinya kale katundu kaliko nyuma ya rauta. Wengine hata hununua rauta mpya, na hiyo mpya nayo inakataa, kwa maana ubovu haukuwa ndani ya ile ya kwanza.

Tuchukue mfano wa maji ya bomba. Vikundi vyenye mradi wa maji vinajua jambo hili vizuri. Mfereji wa nyumbani ukikauka, huanzi kufukua bomba lote mpaka kwenye chemchemi. Unauliza majirani kama wao wana maji. Kisha unakwenda kwenye tangi. Tangi likiwa limejaa, shida iko kati ya tangi na nyumba yako. Likiwa tupu, shida iko huko juu, na huna haja ya kuugusa mfereji wako.

Intaneti nayo ni hivyo, na tangi lake ni rauta. Kisanduku hicho kimoja hufanya kazi mbili. Sehemu yake ya modemu hupokea intaneti kutoka kwa kampuni, ama kupitia laini ya simu iliyotiwa ndani, ama kupitia waya wa faiba. Sehemu ya rauta huigawa kwa simu na kompyuta zilizo nyumbani kwa njia ya waifai. Ndiyo sababu simu yaweza kuonyesha waifai imejaa kabisa na bado usipate intaneti. Kugawa kunaendelea, ila hakuna cha kugawa.

Uliza majirani

Chukua simu mbili au tatu za wanachama na uziunganishe na waifai ya kikundi. Kabla ya kujaribu, zima data katika kila simu. Jambo hili husahaulika sana. Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti huhamia zenyewe kwenye data ya mwenye simu, basi mtu anasema "kwangu inafanya kazi" kumbe anakula bando lake mwenyewe.

Simu moja ikikataa na nyingine zikikubali, rauta haina makosa. Ile iliyokataa iambie isahau mtandao huo, kisha uiunganishe upya kwa kuandika neno la siri. Mara nyingi hiyo yatosha. Zikikataa zote, sasa nenda kwenye tangi.

Soma taa

Taa za rauta si mapambo. Kwa kawaida kuna taa ya stima, taa ya waifai, na taa ya ile njia inayotoka kwa kampuni. Kwenye rauta ya laini hiyo ya mwisho huonyesha nguvu ya mtandao wa simu. Kwenye rauta ya faiba huandikwa PON, na kando yake kuna nyingine iliyoandikwa LOS. Hiyo LOS ikiwaka nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga haufiki kupitia ule waya mwembamba. Pengine umekunjwa sana nyuma ya kabati, pengine lori limeukata huko barabarani. Angalia kama umechomoka au umebanwa, lakini usiikate ncha yake wala usichungulie ndani. Mwanga wa faiba hauonekani kwa macho na waweza kuyadhuru. Hii ni kazi ya kampuni, na hakuna fundi wa sokoni atakayeimaliza kwa bisibisi.

Rangi za taa hutofautiana kulingana na aliyeitengeneza rauta. Kwa hiyo fanya jambo moja leo hii, wakati intaneti iko sawa: piga picha ya taa zote kwa simu, uichapishe kama kuna saiba karibu, uibandike ukutani kando ya rauta. Siku ya shida mtu yeyote, hata asiyejua Kiingereza, ataona taa ipi imebadilika.

Stima na adapta

Kama hakuna taa hata moja, usiilaumu kampuni bado. Jaribu soketi kwa kuchomeka kitu kingine. Kisha itazame adapta, kile kidude kinachochomekwa ukutani. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240, na adapta huishusha mpaka 12, 9 au 5 kulingana na rauta. Adapta ndiyo hufa kwanza stima inaporukaruka, na adapta ni rahisi kuliko rauta.

Lakini usichukue adapta yoyote kwa sababu tu ncha yake inaingia. Soma kibandiko cha ile ya zamani. Kama imeandikwa 12V 1A, ile mpya lazima iwe na 12V vilevile. Namba ya A inaweza kuwa sawa au kubwa zaidi, lakini isiwe ndogo. Alama za kujumlisha na kutoa zilizochorwa hapo pia zifanane. Volti zikizidi, rauta huungua. A ikipungua, rauta huwaka na kuzimika na kuwaka tena, na watu husema ina pepo. Wanaotumia sola wajihadhari zaidi, maana betri inayoitwa ya volti 12 hupanda mpaka 14 na zaidi inapochajiwa mchana. Afadhali mnunue kifaa cha kushikilia volti mahali pamoja kuliko kuunganisha waya moja kwa moja.

Na radi ikianza kunguruma, chomoa adapta ukutani. Kama una waya mwingine wa shaba ulioingia kutoka nje, uchomoe pia. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Kama taa zipo lakini ile ya kampuni haiko sawa, izime rauta, hesabu mpaka thelathini, iwashe, kisha ukae chini. Inahitaji dakika mbili hadi tano kujipanga. Wengi huizima tena baada ya dakika moja na hivyo haipati nafasi ya kumaliza.

Laini na malipo

Kwa rauta ya laini, jiulize swali ambalo mweka hazina hapendi kuulizwa: mwezi huu tumelipa? Na kama tumelipa, tumelipa kwa namba ipi? Hutokea pesa zikatumwa kwa namba ya simu ya katibu badala ya namba ya laini iliyo ndani ya rauta. Ujumbe wa M-PESA utaonyesha. Malipo yakiwa sawa, izime rauta, toa laini, ipanguse kwa kitambaa kikavu, irudishe vilivyo. Usiijaribu ndani ya simu kabla ya kuiuliza kampuni, maana laini nyingine hufungiwa rauta moja tu na huweza kukataa baadaye.

Tangi lina maji lakini mfereji haujui

Kuna shida moja inayowachanganya hata mafundi. Taa zote ziko sawa, malipo yako sawa, lakini tovuti hazifunguki. Hapo jaribu hivi: mahali pale juu unapoandika jina la tovuti, andika 1.1.1.1 kisha ufungue. Hizo ni namba za kompyuta iliyoko kwenye intaneti, na zina ukurasa wake.

Sababu ni hii. Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa namba. Unapoandika jina la tovuti, rauta huuliza kwanza mahali panapotunzwa majina na namba zake, kama vile mtu anayetafuta namba katika kitabu cha simu. Ukiandika 1.1.1.1 ukurasa ukafunguka, lakini majina yakakataa, basi njia ni nzima na kitabu ndicho kimepotea. Zima rauta na uiwashe, na isipopona waambie kampuni kwamba shida ni ya majina. Watakuelewa mara moja. Ikiwa hata 1.1.1.1 haifunguki, huenda njia yenyewe imekatika.

Vikundi vilivyopewa kompyuta kuukuu vijue jambo lingine. Tovuti za benki na za serikali hukagua tarehe. Kompyuta ikidhani tuko mwaka 2009, tovuti hizo hukataa na kutoa onyo la kutisha, wakati simu za watu zinaendelea vizuri kwa waifai ileile. Rekebisha saa na tarehe. Ikisahau tena kila inapozimwa, betri ndogo ya mviringo iliyo ndani imekwisha. Huandikwa CR2032 na hata mafundi wa saa huwa nayo.

Ipo lakini inatambaa

Rauta nyingi huwekwa chini, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la bati lenye kufuli. Ndiyo, wezi wapo, lakini bati huzuia mawimbi ya redio, na kuta za mawe hupunguza. Rauta ya laini iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara wa simu, ule ambao wengi wetu huuita busta. Kuisogeza mita mbili tu kwaweza kuleta tofauti unayoiona. Kama rauta inatoa majina mawili ya waifai, lile la 5G hapa si mtandao mpya wa simu bali ni mawimbi ya gigahezi 5, yanayokwenda kasi lakini hayapiti kuta vizuri. Chumba cha mbali kitumie lile jingine.

Saa mbili usiku kila mtu katika eneo lenu anatumia mnara uleule, basi kupungua kasi si ugonjwa wa rauta. Lakini ikitambaa hata saa kumi alfajiri, hesabu walio ndani. Fungua ukurasa wa rauta kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake cha chini, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, utazame orodha ya vifaa. Ukikuta vifaa kumi na saba na wanachama waliopo ni watano, neno la siri limekwisha kutembea kijiji kizima. Libadilishe, na ubadilishe pia lile la kuingilia ukurasa wenyewe.

Kale katundu

Sasa sababu ya kuogopa sindano. Kuzima na kuwasha hakufuti kitu. Kufinya katundu huifanya rauta isahau kila ilichofundishwa na kurudi ilivyotoka kiwandani. Kwa rauta ya laini hasara ni ndogo, maana jina na neno la siri hurudi kuwa yale ya kwenye kibandiko, na simu zote zitaunganishwa upya. Kwa rauta ya faiba au ya waya wa shaba, huenda ikafuta jina na neno la siri ambalo kampuni iliandika wakati wa kuifunga. Hapo shida ya dakika kumi imegeuka ya siku tatu.

Kabla ya kupiga simu kampuni

Laini au akaunti husajiliwa kwa jina na kitambulisho cha mtu mmoja. Kama mtu huyo alikuwa katibu wa zamani na sasa yuko Nairobi, kampuni haitazungumza nanyi hata kama mmelipa miaka miwili mfululizo. Jambo hili limalizwe katika mkutano, si siku ya shida. Katika daftari la kikundi andikeni namba ya akaunti, jina la aliyesajiliwa, namba iliyo chini ya rauta, na tarehe ya kila malipo.

Mkipiga simu, msiseme tu "intaneti haiko". Semeni: taa ya stima iko sawa, LOS ni nyekundu tangu saa mbili asubuhi, simu tatu zimejaribiwa, tumezima na kuwasha mara moja. Mtu wa kampuni hatawarudisha mwanzo. Muulizeni kama eneo zima lina shida. Wakati mwingine shida iko mbali sana. Sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya huingia kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari mpaka Mombasa. SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kuvuta miguu hapa kwetu na katika nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna rauta ya kutengenezwa kijijini.

Ombeni namba ya malalamiko na muiandike. Fundi wa kampuni akija, aonyeshe kitambulisho cha kazi, na mwanachama mmoja akae naye mpaka taa zifanane na zile za kwenye picha ukutani na tovuti zifunguke kwenye simu iliyozimwa data. Hapo ndipo atiliwe sahihi karatasi yake.