KISIWA CHA BUKINI NA MAAJABU YAKE

Tusikiapo habari za nchi zenye maajabu, aghalabu mawazo yetu hukimbilia mbali, tukaisahau nchi iliyo jirani. Mbele ya pwani ya Msumbiji, ng'ambo ya mlango wa bahari ambao mahali pake pembamba wapata kama maili 250 tu, kiko kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, na ramani za leo zakiita Madagaska. Ni cha nne kwa ukubwa katika visiwa vyote vya dunia. Vinavyokipita ni Greenland, New Guinea na Borneo. Kutoka ncha yake ya kaskazini hata ncha ya kusini ni karibu maili 1,000. Upande wa mashariki mvua hunyesha sana na misitu ni mibichi mwaka mzima. Katikati ni nchi ya juu yenye baridi na mashamba ya mpunga. Magharibi ni pakavu. Na kusini kabisa ni nchi ya miiba.

Wenye elimu ya miamba wasema kwamba zamani sana nchi hii ilishikamana na Afrika na Bara Hindi. Ilitengana na Afrika yapata miaka milioni 160 iliyopita, na baadaye sana, yapata miaka milioni 88 iliyopita, ikatengana na Bara Hindi pia. Tangu hapo viumbe vyake vimekaa peke yao, vikageuka kwa namna yao wenyewe. Ndiyo sababu msafiri aendaye huko haoni simba, wala tembo, wala nyani. Bali huona wanyama na miti ambayo mingi yake haimo porini mahali pengine po pote duniani.

WATU NA LUGHA YAO

Wenyeji wa Bukini asili yao ni pande mbili. Wengine walivuka bahari kuu kutoka visiwa vya mashariki, na hata leo lugha ya Kimalagasi ni ndugu ya lugha za Borneo. Wengine walitoka Afrika, katika jamaa zetu Wabantu. Wazazi na wawasomee watoto maneno haya ya Kimalagasi, wawaulize maana zake: omby, ondry, akoho, akanga. Mtoto ajuaye Kiswahili hatakawia kujibu: ni ng'ombe, kondoo, kuku na kanga. Mifugo ilivuka bahari pamoja na majina yake. Tena katika bandari za kaskazini-magharibi walikaa wafanya biashara walioitwa Antalaotra, yaani watu wa baharini, waliokuwa na udugu na Waswahili na watu wa Komoro. Basi Bukini si nchi ngeni kabisa kwetu.

SAUTI YA MSITUNI

Mgeni wengi wao humpeleka kwanza Andasibe, msitu ulio mashariki ya mji mkuu wa Antananarivo, mwendo wa maili 90 hivi katika njia iendayo bandari ya Toamasina. Humo yumo indri. Yeye ni mmoja wa lemuri, jamaa ya komba wetu, ambao aina zao katika kisiwa hiki zazidi 100. Indri ni mkubwa kuliko lemuri wengine wote walio hai. Ana manyoya meusi na meupe, na mkia wake ni kama hakuna. Asubuhi, jua likiisha kupanda, mume na mke na watoto wao huimba pamoja vileleni mwa miti. Sauti yao ni ndefu, ya kupanda na kushuka, mfano wa kilio cha mtu aliyefiwa, nayo husikika zaidi ya maili moja.

Wenyeji humwita Babakoto, maana yake baba wa Koto. Katika masimulizi ya wazee, moja ni hili: mtu alikwea mti kutafuta asali, nyuki wakamshambulia, akaanguka, na indri akamdaka. Kwa ajili hiyo katika vijiji vingi ni mwiko kumla. Watu wamejaribu kumfuga indri mbali na msitu wake, lakini hakuishi. Jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo atakaye kumsikia indri hana budi kumwendea aliko. Na msitu ukiisha, indri naye amekwisha.

Usiku msitu huo huo hugeuka mwingine. Kiongozi huenda na taa, akamulika matawi, na vinyonga hung'aa kama majani makavu. Karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani wamo katika kisiwa hiki. Mmoja wao, aliyetangazwa na wataalamu mwaka 1021 baada ya ule wa 1000, yaani 2021, dume lake halitimizi urefu wa inchi moja, mkia ukiwa umehesabiwa.

MSITU WA MAWE

Mwenye miguu yenye nguvu na moyo usiotishwa na kimo huenda magharibi, Bemaraha. Kutoka mji wa Morondava ni safari ya siku nzima katika njia ya vumbi na mashimo, na mito ya kuvuka. Huko mvua ya karne nyingi imelila jiwe la chokaa hata likawa maelfu ya ncha zilizosimama kama mikuki, na kati yake nyufa zenye kina kirefu. Wenyeji huyaita mawe hayo tsingy. Mgeni hufungwa mkanda kiunoni, mkanda ukafungwa katika kamba ya chuma, akapanda ngazi na kupita madaraja yanayoning'inia. Chini ya nyayo zake huona vilele vya miti iliyoota ndani ya nyufa. Na juu ya mawe hayo makali, ambapo mtu hathubutu kuweka mkono wazi, lemuri weupe huruka kama wachezao. Mahali hapa paliandikwa mwaka 1990 katika orodha ya urithi wa dunia. Wakati wa masika hapafikiki.

Njiani, yapata maili 12 kutoka Morondava, imesimama mibuyu mirefu, vigogo vyake laini mfano wa nguzo, mingine ikikaribia futi 100. Sisi katika Afrika tunao mbuyu wa aina moja. Bukini wanazo aina sita zao wenyewe. Aina hii huitwa reniala, yaani mama wa msitu. Lakini mama huyu amebaki peke yake. Zamani alizungukwa na msitu. Msitu ulikatwa, akaachwa yeye, na miche yake haikui kwa urahisi katikati ya mashamba na ng'ombe. Wageni husifu uzuri wa miti hiyo jua linapotua, na ni haki yao; walakini na wajue kwamba wanatazama mabaki.

HATARI ILIYOPO

Kisiwa hiki kimekwisha kupoteza mengi. Palikuwapo ndege asiyeruka, mwenye kimo cha futi kumi, ambaye yai lake moja lilipita mayai 100 ya kuku. Alitoweka yapata miaka 1,000 iliyopita. Palikuwapo na lemuri wakubwa kama mtu, nao hawapo. Na tangu miaka ya 1950 hata mwanzo wa karne hii, zaidi ya theluthi moja ya misitu iliyokuwa imesalia ilikatwa.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mtu maskini afyekaye msitu na kuuchoma, kazi waiitayo tavy, hafanyi hivyo kwa uadui. Ana watoto wanaongoja chakula. Udongo wa msitu uliochomwa humpa mpunga mwaka wa kwanza na wa pili, kisha huchoka, naye husogea mbele na panga lake. Mwingine hukata miti ya thamani kwa kuwa yuko tajiri wa mbali ainunuaye. Mwaka 2009, serikali ilipopinduliwa na sheria kulegea, wakataji waliingia kwa wingi katika misitu ya kaskazini-mashariki, hata hifadhi ya Marojejy ikafungwa kwa wageni kwa muda. Mwaka uliofuata misitu ya mashariki, iliyokuwa katika urithi wa dunia tangu 2007, iliwekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Ilikaa humo miaka 15, ikatolewa mwaka 2025. Ni habari njema, ila haina maana kwamba kazi imekwisha.

KIJIJI CHA ANJA

Njia ya kupona yaonekana vizuri huko Anja, maili saba au nane kutoka mji wa Ambalavao. Pana majabali makubwa na kijisitu kidogo ambamo wamejaa lemuri wenye mikia ya pete nyeusi na nyeupe. Wanakijiji walifanya shirika lao, wakaulinda msitu wenyewe, wakawaongoza wageni wenyewe, na kiingilio wakakipokea wenyewe. Fedha hizo zimesaidia shule, upandaji wa miti na mabwawa ya samaki. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize. Msitu ambao mtu mmoja angeufyeka kwa misimu michache umekuwa shamba lisilochoka. Mgeni hulipa akaona. Mwenyeji hulinda akala.

KWA ATAKAYE KWENDA

Wakati mwema ni tangu Mei hata Oktoba. Januari hata Machi ni miezi ya tufani, hasa upande wa mashariki. Mwezi wa Februari 2022 tufani iitwayo Batsirai ilibomoa nyumba nyingi karibu na Mananjary. Chukua dawa ya kuzuia malaria, viatu vigumu na vazi la mvua. Katika hifadhi usiende bila kiongozi. Ndivyo ilivyo sheria, na ujira wake ndio unaoufanya msitu kuwa na faida nyumbani kwake. Usiwalishe lemuri, wala usinunue mnyama wala kitu kilichotokana naye. Tena uliza kwanza habari za fady, yaani miiko ya mahali, kwani kila kijiji kina yake. Penye makaburi, kwa mfano, usinyooshe kidole, kikunje.

Nasi tulio na misitu ya Usambara na Udzungwa, yenye viumbe visivyopatikana pengine, tunalo neno la kujifunza kwa jirani. Tukiulizana ni nani aharibuye msitu, tuulizane pia aishiye kando yake anakula nini.