Ajabu Moja Yatosha Ziwani Mweru

Anayetaka kutengeneza filamu fupi ya kifantasia kwa mara ya kwanza huanza kuulizia kompyuta: programu gani itamtolea nyoka wa vichwa saba, na kwa bei gani. Ameuliza mapema mno. Mtazamaji husamehe nyoka wa plastiki. Asichosamehe ni nyoka asiye na sheria, ambaye leo anauawa kwa panga, kesho risasi haimdhuru, kesho kutwa anasema kama binadamu, na hakuna anayejua kwa nini. Ninachodai hapa ni kwamba filamu ya kwanza ya aina hii inahitaji ajabu moja tu, yenye sharti linaloeleweka na gharama inayomwuma mtu, na kwamba ajabu hiyo ifanyike mbele ya kamera yenyewe. Nachukua mfano wa Nchelenge, mji wa mkoa wa Luapula nchini Zambia, upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, kwa sababu karibu kila kitu kinachohitajika kipo pale pale ufukweni.

Msomaji wa Kiswahili analijua jambo hili tangu shuleni. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert yamo majini na safari za mbali, lakini kinachotushika shati ni manyani wawili ambao Adili hana budi kuwachapa kila usiku. Sharti ni moja, na anayelitimiza anaumia. Rungano Nyoni, aliyezaliwa Lusaka na kukulia Wales, amepita njia hiyo hiyo. Filamu yake fupi Mwansa the Great ya mwaka 2011, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA mwaka uliofuata, ilipigwa Zambia na inamfuata mvulana mdogo aliyeazimia kuthibitisha kwamba ni shujaa. Miaka 6 baadaye akaja na I Am Not a Witch, ambamo mtoto wa kike aliyetuhumiwa uchawi anafungwa utepe mrefu mweupe mgongoni na kuambiwa kwamba akiukata atageuka mbuzi. Utepe ni kitu cha dukani. Hata hivyo kila mtoto yule anaposogea, utepe unamfuata, nasi tunapima umbali aliobakiwa nao. Tishio la kugeuka mbuzi linafanya kazi ambayo mbuzi wa kompyuta asingeiweza.

Pingamizi la kwanza ni la haki: vijana wa leo wamelelewa na filamu za Marekani zenye miji inayoporomoka, nao watacheka wakiona utepe. Lakini ushahidi wa kwetu unaonyesha vingine. Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya Kenya ya mwaka 2009, ina picha za kompyuta, tena nzuri; inasimulia dunia iliyobaki baada ya vita vya kugombea maji. Ukimuuliza aliyeiona anakumbuka nini, uwezekano mkubwa atakutajia mhusika Asha akikusanya jasho lake lisafishwe ligeuke maji, kisha kuupa mche yale machache aliyo nayo. Upande wa pili yuko Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, ambaye katika Who Killed Captain Alex? ya 2010 alirusha helikopta na milipuko ambayo mtoto angeweza kuona kwamba ni ya kuchora, na dunia ikampenda. Alipendwa kwa sababu alipatana na watazamaji tangu mwanzo kwamba wanacheka pamoja. Anayetaka watu waogope giza la ziwa hawezi kuazima mapatano hayo. Achague mapema.

Sasa tushuke ufukweni. Nchelenge inatazama magharibi, kwa hiyo jua huzama majini, upande wa Kongo, na kila mtu anayesimama kati ya kamera na ziwa jioni hugeuka kivuli cheusi chenye kingo kali. Ni athari ambayo wengine hulipia taa nyingi kuipata. Usiku wavuvi wa chisense, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, huwaita kwa mwanga. Zamani kwa karabai, siku hizi zaidi kwa taa za betri na za sola. Mstari wa taa juu ya maji tayari ni fantasia. Tuseme basi kwamba kuna taa moja ambayo, badala ya samaki, huita aliyezama. Sharti: aliyezama huitika mara moja kila taa inapowashwa. Gharama: kila inapowashwa, mtu mmoja nyumbani humsahau aliyeiwasha. Huyo mtu anasahauje katika picha? Mama anapakua ubwali, yaani ugali, anapanga sahani, na sahani imepungua moja. Hakuna muziki wa kutisha, wala uso unaoyeyuka. Mwigizaji anakaa, anatazama mkeka, anasubiri. Sahani hugharimu kwacha chache, na mtazamaji yeyote wa Kashikishi, jirani na Nchelenge, atajua papo hapo kwamba nyumba hiyo imeingiliwa.

Mbinu za kamera zinazohitajika zina umri mkubwa kuliko kompyuta. Georges Méliès alikuwa akiwayeyusha watu mwishoni mwa karne ya 19 kwa kusimamisha kamera, kumtoa mtu, na kuendelea kupiga. Kwa simu ya leo inawezekana vizuri, ila kwa masharti: simu ikae juu ya kitu kisichotikisika, na mwangaza na fokasi vifungwe, la sivyo simu itajirekebisha yenyewe na mruko utaonekana. Mtumbwi unaoelea haufai hata kidogo kwa mbinu hii, kwani haurudi pale pale. Mwigizaji atoweke akiwa kwenye mtumbwi uliovutwa mchangani. Kurudisha picha nyuma ni rahisi zaidi. Mimina ndoo ya chisense wabichi mchangani, geuza kipande hicho katika programu ya kuhariri, na samaki wanaruka kutoka ardhini kuingia ndoo. Angalia tu kusiwe na mpita njia nyuma, wala moshi wa jiko, wala wimbi linalopiga ufukwe, maana vyote vitakusaliti. Jean Cocteau, akifanya kazi katika Ufaransa iliyochoshwa na vita, alipata maajabu ya La Belle et la Bête ya 1946 kwa njia za namna hii, pamoja na mikono ya watu halisi iliyopenyezwa ukutani kushika mishumaa. Taa za ziwani zipigwe wakati wa magharibi, anga ikiwa bado na buluu. Ukingoja giza totoro, simu itakupa nukta nyeupe na chengachenga.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu abuni taa wakati Luapula imejaa masimulizi. Maporomoko ya Lumangwe, kwenye mto Kalungwishi unaomwaga maji yake Mweru, yana hadithi ya joka la kiroho lililojinyoosha kutoka hapo hadi maporomoko ya Kabwelume. Lipo pia simulizi la Nachituti, ambaye kaka yake Nkuba, mtawala wa Washila, alimuua mwana wa dada yake huyo. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe wa Walunda kutaka kisasi, na kisasi kilipopatikana akamkabidhi Kazembe ardhi na maziwa, kwa kikapu cha udongo na chungu cha maji. Ni hadithi nzito, ndiyo maana naishauri filamu ya kwanza isiiguse. Kwa Washila na Walunda simulizi hilo ni kama hati ya kumiliki ziwa, na kila badiliko la mwongozaji litasomwa kama dai. Akomae kwanza, aombe ruhusa kwa wenyewe, ndipo arudi nalo. Joka la Lumangwe lina tatizo jingine dogo: linahitaji kuonekana, na hapo tunarudi kwenye bei ya kompyuta.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kwa watu wengi wa ufukwe huu mizimu na uchawi si fantasia. Nakubali, na nadhani hilo lina faida: mwigizaji hahitaji kufundishwa kuiogopa taa. Hatari iko penye kidole. Sheria ya Uchawi ya Zambia, ya tangu 1914, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na vikongwe wamekuwa wakiumizwa kwa tuhuma kama hizo. Filamu inayompa bibi mwenye macho mekundu kazi ya kuroga inaongeza kuni motoni. Ajabu ikikaa kwenye kitu, kama taa au utepe, hakuna jirani atakayenyooshewa kidole kesho sokoni.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba Pumzi na Mwansa the Great zilipata msaada wa nje, na kijana wa Nchelenge huenda asiupate. Analo jambo moja mkononi: kalenda. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na mitumbwi na wenye mitumbwi hupatikana kwa urahisi zaidi. Ni miezi ya mvua, hivyo matukio yagawanywe: yale ya nyumbani na ya mtumbwi wa mchangani yapigwe wakati huo, na ya taa halisi za chisense yangoje kiangazi, kamera ikibaki nchi kavu, kwani ziwa lina viboko na mamba. Upepo utaharibu sauti kwa vyovyote, kwa hiyo mazungumzo yawe machache, ya Kibemba, na yarekodiwe tena chumbani. Hilo linafungua soko ambalo waongozaji wa Lusaka hawalifikirii: kwa maneno machache kiasi hicho, toleo la Kiswahili cha Katanga ni kazi ya siku moja, na filamu inaweza kuvuka ziwa hadi Pweto na Kilwa ya Kongo, ambako taa ya kuvulia haihitaji kuelezwa kwa mtu.